El Niño si gharika

Wiki hii tena, muuza nguo wa soko la Kongowea, Mombasa, kaniuliza mimi mtabiri wa hali ya hewa: "Mmesema El Niño inakuja, nihamishe mzigo?" Namwelewa, mafuriko ya 1997 hakuna aliyeyasahau. Lakini nimechoka kusikia El Niño ikitajwa kana kwamba ndiyo mvua yenyewe.

El Niño ni joto la maji ya Pasifiki, ya kati na ya mashariki. Huivuta vuli yetu kwenye mvua nyingi; haiiamrishi. El Niño ya 2015 ilikuwa miongoni mwa zilizo kali zaidi kuwahi kupimwa. Watu wakajiandaa kwa gharika, na vuli ile haikuikaribia ya 1997. Ikaja 2019, Pasifiki imetulia, na vuli ikamwagika mpaka maporomoko ya udongo yakaua watu Pokot Magharibi. Jamani, itazameni bahari iliyo mlangoni petu! Maji ya upande wetu yakipata joto kupita kawaida na ya upande wa Sumatra yakapoa, unyevu na mawingu huhamia huku. Hiyo ndiyo daipoli ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2019 ilikuwa kali mno. Mwaka 1997 daipoli hiyo ilikutana na El Niño.

Halafu asilimia. Tukisema vuli ina asilimia 45 ya kuzidi kawaida, kumbuka kianzio ni 33, kwa kuwa miaka tunaigawa mafungu matatu sawa: ya mvua chache, ya kawaida na ya mvua nyingi. Hiyo 45 ni kuegemea tu. Isipozidi, hujadanganywa: mafungu mawili yaliyobaki yalikuwa na 55. Na huo ni msimu mzima. Mtaa upi utafurika siku gani ya Novemba, hakuna modeli ya kompyuta inayojua mwezi wa Agosti. Kosa dogo katika vipimo vya leo hukua, na baada ya wiki mbili hivi limeshaumeza utabiri wa siku moja moja.

Kinachonitesa hasa ni masika. Vuli tunaitabiri kwa kutazama joto la bahari. Masika haitabiriki hivyo, nayo ndiyo yenye Mei, mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa. Modeli nyingi za tabianchi zinasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi karne hii, ilhali vipimo vya miongo kadhaa tangu miaka ya 1980 vilionyesha masika ikipungua. Maelezo yapo kadhaa, hakuna lililoniridhisha. Mhandisi akiniuliza mtaro wa miaka 30 ijayo auchimbe kwa mvua kiasi gani, nitampa kiwango cha chini na cha juu, tena vilivyoachana sana. Namba moja simpi.