Fedha zikichelewa, deni hubebwa na shirika dogo

Mwanzo wa kila robo mwaka simu yangu huanza kulia mapema. Ni wahasibu wa mashirika madogo, huyu Arua, yule Busia, na wote wanauliza jambo moja: fedha zimetoka? Nimesimamia ruzuku za afya Uganda nikiwa pande zote mbili za meza, kwa wafadhili mbalimbali, na naamini ugomvi mwingi kati ya mpokeaji mkuu, anayepewa ruzuku na mfadhili, na wapokeaji wadogo anaowagawia kazi, chanzo chake ni kalenda. Wizi ni sehemu ndogo tu.

Tuchukue Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria. Hauna ofisi humu nchini. Hutia saini mikataba na wapokeaji wakuu: Wizara ya Fedha kwa upande wa serikali, na TASO, shirika la kuwahudumia watu wenye UKIMWI, kwa upande wa mashirika ya kiraia. Wao ndio hugawa kazi kwa wapokeaji wadogo, lakini shilingi ikipotea kijijini, anayedaiwa na Geneva, makao makuu ya Mfuko, ni aliyetia saini. Na hofu hiyo ina historia. Agosti 2005 Mfuko ulisimamisha ruzuku zake zote tano za Uganda, ukazifungulia Novemba, na tume ya Jaji James Ogoola ikachunguza matumizi ya fedha hizo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo tulijifunza kwa uchungu, kwa sababu waliokuwa wakisubiri dawa hawakuwa wameiba chochote.

Tatizo ni pale hofu ya mkubwa inapogeuzwa kuwa masharti kwa mdogo. Utaratibu wa kawaida ni huu: hupati fedha za robo inayofuata mpaka urejeshe hesabu za robo iliyopita. Ni haki kabisa. Lakini shirika linaleta stakabadhi tarehe tano, ofisi ya mpokeaji mkuu inazikalia wiki sita, kisha inarudisha maswali kwa mafungu, leo saba, Ijumaa ijayo manne. Wakati huohuo wahudumu wa afya wa kijiji wanaendelea kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu, na mgonjwa hawezi kuambiwa asitishe vidonge kwa sababu akaunti ni tupu. Mkurugenzi anaazima fedha za mradi mwingine ili alipe posho na mafuta ya pikipiki. Mkaguzi akija, anaandika kuwa fedha za mfadhili mmoja zimetumika kwa kazi ya mwingine. Matumizi hayo hayakubaliki, shirika lirudishe. Litarudisha kwa fedha gani, wakati halina akiba?

Nimeona shirika moja zuri la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, likifa hivyo. Hesabu zake zilikuwa safi kuliko za baadhi ya waliolikagua.

Kwa hiyo sasa, kabla mkataba haujatiwa saini, nasafiri. Nakaa na mhasibu wao siku mbili, tunasoma bajeti mstari kwa mstari, tunakubaliana mambo madogo yanayoleta vita baadaye: mwenye boda boda hatoi risiti, basi tutatumia fomu gani, nani atie saini, kwa kiwango gani? Kisha nadai kipengele ambacho wanasheria wa mpokeaji mkuu hawakipendi: nao wawekewe tarehe. Siku 14 za kupitia hesabu, maswali yote kwa barua moja. Shilingi chache zikiwa na utata, zizuiwe hizo tu, nyingine ziende.

Na ziara za usimamizi zisiwe za kuhesabu karatasi tu. Mwaka jana niliwauliza wahasibu wanne ni lini mara ya mwisho walitembelewa na mtu aliyewafundisha kitu. Watatu hawakukumbuka. Wa nne, mama mmoja wa makamo, alitoa daftari lenye mistari aliyochora kwa rula, akanionyesha ukurasa ambao afisa fulani alimwelekeza jinsi ya kulinganisha salio la benki. Bado anautumia kila mwezi.