"Mbona halii?": Dhana potofu za watazamaji na za wapelelezi

Mara ya kwanza nilipoitazama filamu ya polisi wakimhoji mwanamke anayesema amebakwa, tulikuwa watu wanne mbele ya kompyuta moja, na neno la kwanza kutamkwa chumbani halikuwahusu askari hata kidogo. "Mbona halii?" aliuliza binamu yangu, nami nakiri kwamba nilikuwa nimeshajiuliza hivyohivyo kimoyomoyo. Filamu yenyewe ni sehemu moja ya mfululizo wa BBC kuhusu polisi wa Thames Valley nchini Uingereza, kazi ya mtengenezaji filamu Roger Graef, iliyorushwa Januari 1982. Mwanamke amefika kituoni mjini Reading kueleza kwamba amebakwa, na wapelelezi watatu, wote wanaume, wanamhoji. Kamera haituonyeshi uso wake. Tunaisikia sauti yake na kuwaona wanaomhoji, ambao mmoja wao anamwambia waziwazi kwamba anayoyasema ni upuuzi mtupu.

Dhana: Aliyebakwa kweli hulia, hutetemeka na kusimulia mambo kwa mpangilio.
Wapo wanaolia, na wapo wanaozungumza kwa utulivu kana kwamba wanaeleza mkasa wa mtu mwingine. Woga mkubwa unaweza kuukaza mwili na kuizima sauti wakati tendo linafanyika, ndiyo maana swali la "kwa nini hukupiga kelele?" halipimi chochote. Kumbukumbu nayo huweza kushika harufu ya koti au rangi ya ukuta huku ikipoteza nini kilitangulia na nini kilifuata. Zaidi ya hayo, kipimo cha machozi hakina upande wa kumwokoa mlalamikaji: akilia ataambiwa anaigiza, akinyamaza ataambiwa hana uchungu. Kilichonishtua ni kwamba sisi wanne, tuliokuja tayari kuwalaani wale askari, tulikuwa tukimpima yule mwanamke kwa kipimo chao.

Dhana: Tulichokiona ni askari watatu wabaya.
Hili ndilo jibu jepesi zaidi, na ndilo ninalolikataa kwa nguvu zaidi. Jeshi la polisi lenyewe liliruhusu kamera ziingie, na wapelelezi wale walijua fika kwamba wanapigwa picha. Mtu anayejua kwamba anatazamwa haonyeshi jambo analolionea haya, kwa hiyo waliyoyafanya waliyaona kuwa kazi ya kawaida iliyofanywa sawasawa. Tena mafunzo ya namna hiyo yalikuwapo kwa maandishi: mwaka 1975 jarida moja la polisi nchini humo lilichapisha makala iliyowashauri wapelelezi kwamba mwanamke anayekuja kulalamika bila dalili za kupigwa ahojiwe kwa ukali, aachwe atoe maelezo yake, kisha maelezo hayo yatobolewe matundu.

Dhana: Ukali ndio unaochekecha ukweli na uongo.
Ukimhoji mtu aliyeogopa kwa kumkatiza, kumrudisha nyuma na kumcheka, utapata mkanganyiko, na mkanganyiko huo utauandika kuwa uongo. Utafiti uliochapishwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza mwaka 2005 ulipitia malalamiko 2,643 na kukuta polisi wameyaandika 216 kuwa ya uongo, yaani asilimia 8. Watafiti walipoyakagua tena kwa vigezo vya polisi wenyewe, asilimia hiyo ilishuka hadi takribani 3. Mwongo yupo, hakuna anayekataa; lakini chumba kilichopangwa kwa ajili yake peke yake kinawafukuza wengine wote.

Dhana: Mwenye historia ya maradhi ya akili haaminiki.
Wapelelezi wale walimuuliza kuhusu matibabu yake ya akili na kuhusu maisha yake ya kimapenzi. Majibu hayo hayawezi kueleza kilichotokea siku inayolalamikiwa. Mbakaji naye anajua kwamba mtu wa namna hiyo hatasadikiwa, na anaweza kumchagua kwa sababu hiyohiyo.

Dhana: Pasipo shahidi au jeraha hakuna kesi.
Uingereza yenyewe iliwalazimu majaji kuwaonya wazee wa baraza juu ya hatari ya kutegemea neno la mlalamikaji peke yake, na wajibu huo ulifutwa mwaka 1994. Kwetu Afrika Mashariki watu wengi bado wanaamini kwamba PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari, ndiyo kesi. Fomu hiyo ni ushahidi wa daktari tu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema katika shauri la Selemani Makumba la mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hauna budi kutoka kwa aliyetendewa, na sheria inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi huo pekee ikiridhika kwamba anasema kweli.

Dhana: Aliyenyamaza miaka mingi anatunga.
Mwaka 2015 BBC ilionyesha mfululizo mwingine, uliofuatilia kikosi cha makosa ya kujamiiana cha polisi wa Greater Manchester katika kesi ya Ray Teret, mtangazaji wa zamani wa redio. Alihukumiwa miaka 25 mwishoni mwa 2014 kwa makosa ya miaka ya 1960 na 1970, dhidi ya waliokuwa wasichana wadogo wakati huo. Kesi iliposikilizwa wanawake hao walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima kabisa, na bado waliaminiwa.

Dhana: Filamu hupandisha hasira za siku mbili, kisha basi.
Hasira za 1982 zilifika hadi bungeni. Mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Ndani iliwatumia polisi waraka kuhusu namna ya kuwahudumia walalamikaji, na mwaka 1986 kituo cha St Mary's kilifunguliwa Manchester, mahali ambapo aliyeshambuliwa anapata daktari na ushauri nasaha.

Dhana: Mtazamaji ana haki ya kujua ni nani.
Filamu ilipokwisha, binamu yangu alichukua simu ili amtafute yule mwanamke. Tangu mwaka 1976 sheria ya Uingereza inakataza kumtangaza mlalamikaji wa ubakaji. Nilimwomba aiweke simu mezani, naye akaiweka.