Rufiyaa na laari: fedha ya Maldivi, na kauri zilizoitangulia

Rufiyaa ni fedha ya Maldivi, nchi ya visiwa vidogo vya matumbawe kusini-magharibi mwa India. Rufiyaa moja ni laari 100. Jina hilo ni ndugu wa "rupia", iliyotumika Zanzibar, Mombasa na Tanganyika kabla ya shilingi, na asili yake ni neno la Kisanskriti lenye maana ya fedha iliyofuliwa. Fedha hapa ni madini. Kiswahili nacho kimeyaita madini na pesa kwa neno moja.

Laari imetoka Lar, mji wa Uajemi. Larini, sarafu zilizobeba jina la mji huo, mwanzoni hazikuwa duara: zilikuwa waya wa fedha uliokunjwa katikati kama kibanio cha nywele, ukagongwa muhuri. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walizipenda, na Wamaldivi wakafua za kwao. Sarafu za duara zilifuata baadaye, zikabaki na jina lile lile.

Lakini kabla ya yote hayo, pesa ya Maldivi iliokotwa baharini.

Ni kauri, yule konokono mdogo mwenye gamba gumu linalong'aa (hata vyombo vyetu vya kauri vina jina hilo). Waandishi wa Kiarabu wa zamani wanasimulia kwamba watu walielekeza matawi ya mnazi majini, konokono wakajishika humo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyekuwa kadhi visiwani humo miaka ya 1340, anaeleza kwamba konokono hao walifukiwa kwenye mashimo ufukweni mpaka nyama ikaoza, likabaki gamba jeupe. Gamba hilo halikuoza, halikuvunjika ovyo, na hakuna fundi aliyeweza kulighushi. Wabengali walilinunua kwa mchele.

Hesabu yake ndiyo inayoshangaza. Ibn Battuta anasema dinari moja ya dhahabu ilipata kauri 400,000 huko Maldivi, na wakati mwingine hadi 1,200,000. Miaka kadhaa baadaye, akiwa Mali, Afrika Magharibi, alizikuta zikienda 1,150 kwa dinari. Gamba ni lile lile, thamani imepanda karibu mara 350 kwa sababu ya safari tu. Waholanzi na Waingereza waliielewa hesabu hiyo vizuri: katika karne ya 17 na ya 18 walijaza kauri matumboni mwa meli, wakazipeleka Amsterdam na London, kisha Afrika Magharibi kununulia watu.

Kilichoiangusha biashara hiyo kilitoka kwetu. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri za Zanzibar, kubwa kidogo lakini rahisi mno, zingepokelewa Afrika Magharibi pia. Walizimwaga kwa shehena, na thamani ya kauri zote ikaporomoka. Ni mfumuko wa bei usiohitaji hata mashine ya kuchapa noti! Waganda nao walizitumia kama pesa, na hadi leo Kiganda kinaita pesa "ensimbi", yaani simbi, jina jingine la kauri.

Maldivi yenyewe ilikwisha kuzoea rupia ya Ceylon (Sri Lanka ya leo), jirani yake mkubwa, hadi noti za kwanza za rufiyaa zilipotolewa miaka ya 1940. Benki kuu yake ilianza kazi mwaka 1981, na mwaka 2015 likaja toleo jipya la noti za plastiki. Zinastahimili unyevu na chumvi kuliko karatasi, jambo la maana katika nchi ambayo mtu huenda sokoni kwa boti.

Tofauti na kauri, rufiyaa haisafiri. Ukitoka nayo Male, mji mkuu, inabaki kuwa kumbukumbu tu. Dola za watalii ndizo zinazolipia mchele na mafuta kutoka nje, na ndiyo maana serikali imeifunga rufiyaa kwenye dola: tangu Aprili 2011 dola moja inaruhusiwa kwenda kati ya rufiyaa 10.28 na 15.42, na kwa miaka mingi bei rasmi imeganda karibu na ukomo wa juu.

Noti kubwa kuliko zote katika matumizi ya kawaida ni ya rufiyaa 1,000. Upande mmoja kuna kasa. Upande wa pili yule papa mkubwa mpole mwenye madoa meupe mgongoni, ambaye wavuvi wa pwani ya Kenya, kwa madoa hayo hayo, humwita papa shilingi.