Viongozi wa wanafunzi, damu inahitajika zaidi mkiwa likizo

Inapokaribia tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, kwetu sisi tunaokusanya damu, simu kutoka serikali za wanafunzi huwa hazikatiki. Wanaomba wahudumu, vitanda na, bila kusahau, fulana. Tunafurahi, maana shule za sekondari na vyuo ni tegemeo kubwa la damu salama Tanzania. Ila lipo jambo ambalo viongozi wengi hawaambiwi wanapopanga siku yao: damu haikai.

Chembe nyekundu zikitunzwa kwenye jokofu la nyuzijoto 2 hadi 6, ndani ya mfuko wenye dawa ya kawaida ya kuzuia kuganda, hudumu siku 35. Chembe sahani, zile anazoongezewa mgonjwa anayevuja damu, hudumu siku 5 tu. Chuo kikikusanya chupa 300 kwa mpigo tarehe 14 Juni, zitakazobaki zinafikia ukomo wake tarehe 19 Julai. Wakati huohuo ndio mvua za masika zimepita na malaria imepanda. Watoto wa chini ya miaka mitano wanafikishwa wodini viganja vikiwa vyeupe, wakihitaji kuongezewa damu saa hiyohiyo. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua naye hana msimu. Na shule zikifungwa Juni na Desemba, wachangiaji wetu wametawanyika makwao.

Kwa hiyo ombi letu kwa kaka wakuu, dada wakuu na marais wa serikali za wanafunzi ni hili: vunjeni ile siku moja kubwa iwe siku ndogo ndogo. Mwanaume anaweza kuchangia tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Ukiwagawa walio tayari katika makundi, kitivo kwa kitivo au bweni kwa bweni, kila mwezi unapata watu wachache wenye uhakika. Likizo ikifika, wanaotoka wilaya moja wapeane miadi ya kwenda pamoja hospitali ya wilaya yao. Huko hakuna kamera wala mgeni rasmi, lakini wodi ya watoto ipo.

Siku yenyewe haina makubwa. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Kwa sekondari, maana yake hasa ni kidato cha tano na sita. Anajaza dodoso, anapimwa shinikizo la damu, kisha anatobolewa kidole kuangalia wingi wa damu. Sehemu nyingine tone hilo hudondoshwa kwenye kichupa cha maji ya buluu: likizama haraka, damu inatosha, likielea, mwenye tone anashauriwa akapimwe zaidi. Kutoa zile mililita 450 huchukua kama dakika kumi. Wengi wanaoanguka ni wale waliokuja bila kunywa chai, basi pangeni kazi ianze baada ya kifungua kinywa, mahali penye kivuli, na juisi iwepo kabla ya sindano, isiagizwe watu wakishaanza kuona kizunguzungu.

Kinachotusumbua zaidi ni namna wanaorudishwa wanavyotazamwa. Mtu anaweza kurudishwa kwa sababu ana mafua, anatumia dawa, ananyonyesha, au damu yake iko chini kidogo. Wenzake wakimwona anatoka bila plasta mkononi, minong'ono inaanza. Kiongozi ndiye wa kuizima. Asisome majina ya waliochangia kwenye kipaza sauti, wala asiweke mashindano ya bweni gani limetoa wengi, kwani mwenye sababu ya kutochangia atajiona analazimishwa, na aliyelazimishwa hudanganya kwenye dodoso. Kila chupa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini maambukizi ya siku chache zilizopita yanaweza yasionekane kwenye vipimo. Hapo ukweli wa mchangiaji ndio kinga ya mgonjwa. Fulana nazo, nasema hivi nikijua nitanuniwa, zikiwa kivutio kikuu zinaleta watu waliofuata fulana.

Anayetaka kuanza amwone mratibu wa damu salama wa wilaya au mkoa wake wiki kadhaa kabla, ili mratibu apange tarehe kwa kuangalia akiba ya benki ya damu na ratiba ya vituo vingine. Mara nyingine atakuambia tarehe uliyoipenda ina damu ya kutosha, njoo wiki tatu baadaye. Mkubalie. Na kwa kuwa serikali za wanafunzi hubadilika kila mwaka, katika makabidhiano weka namba ya simu ya mratibu huyo, kalenda ya makundi na orodha ya waliojitolea kupigiwa simu. Majibu ya vipimo ni ya mchangiaji na wahudumu wa afya peke yao. Hayo hayamo kwenye faili la ofisi.