“Joto la chumba”, la chumba kipi?

Ripoti za kipimo cha kibofu zinazonifikia kutoka pande mbalimbali za Uganda zinafanana kwa mstari mmoja: “maji ya chumvi, joto la chumba.” Mahali ambapo jengo zima lina kipasha joto na kipoza hewa, mstari huo hauna neno. Kwetu ni chumba kipi? Kabale iko juu ya mita 1,800, na chupa ya dripu iliyolala stoo inaweza kuamka chini ya nyuzijoto 15. Adjumani mwezi wa pili, saa tisa alasiri, chupa ya aina ileile imepita 30. Na mkojo wenyewe, huko Kabale na huko Adjumani, hushuka kutoka kwenye figo ukiwa na joto la mwili, 37.

Nieleze kwanza kipimo, maana akina mama wengi hutumwa kwetu bila kuambiwa kitakachofanyika. Tunaingiza mpira mwembamba kwenye kibofu kupitia njia ya mkojo, na mwingine kwenye njia ya haja kubwa. Wa kwanza unasoma shinikizo la kibofu, wa pili la tumbo. Pampu hujaza kibofu polepole kwa maji hayo ya chumvi ya dripu, mara nyingi mililita 50 kwa dakika, huku mama akikohoa tukimwomba na kutueleza anachosikia. Mashine huondoa shinikizo la tumbo kutoka lile la kibofu, ikachora matokeo kwenye mchoro, na kinachobaki ni kazi ya msuli wa kibofu peke yake. Kibofu kikisoma shinikizo la sentimita 30 za maji (ndicho kizio chetu) na tumbo 25, msuli umechangia 5 tu, yaani umetulia.

Mama akikohoa mkojo ukatoka na msuli umetulia, udhaifu uko kwenye mlango wa kibofu. Hao ndio wanaovuja wakinyanyua jerikeni au wakicheka. Msuli ukijikaza wenyewe kabla mama hajauruhusu, hilo ni tatizo jingine kabisa. Wa kwanza tutamfundisha mazoezi ya sakafu ya nyonga, na yakishindikana tutazungumza upasuaji; wa pili tutamfundisha kukizoeza kibofu, pengine na vidonge kama oksibutinini au solifenasini. Ukiwachanganya hao wawili, unaweza kumpasua mtu aliyehitaji vidonge.

Basi baridi inaingilia wapi? Kibofu kina mishipa ya fahamu ya aina mbili inayotuhusu hapa. Ile inayotuambia kimejaa husikia kuta zikivutika. Nyingine, ya aina C, kwa kawaida hunyamaza, lakini baadhi yake hubeba vipokezi vya baridi viitwavyo TRPM8. Vipokezi hivyo hufunguka joto linaposhuka chini ya nyuzi 25 hadi 28 hivi, na mentoli ya peremende pia huvifungua; ndiyo maana peremende “inapoa” mdomoni. David Julius na Ardem Patapoutian, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya vipokezi vya joto na mguso, ni miongoni mwa waliotufungulia mlango huo.

Madaktari walitumia jambo hili zamani kabla halijapewa jina la kipokezi. Mwaka 1957, Bors na Blinn wa Marekani walieleza kipimo cha maji ya barafu: unamimina kwa haraka maji baridi sana, takriban mililita 100, kwenye kibofu cha mtu aliyeumia uti wa mgongo. Kama jeraha liko juu na njia za chini za uti bado nzima, msuli hujikaza ghafla na kuyatapika maji, pengine pamoja na mpira. Kama ni njia za chini zilizoharibika, kimya. Watoto wachanga nao wana refleksi hiyo, kisha ubongo unapokomaa huizima. Kwa majeruhi wa bodaboda tunaowapokea siku hizi, si historia tu.

Sasa swali la kweli: maji ya nyuzi 20 yanaweza kutudanganya kwa mama ambaye uti wake ni mzima? Kwa maoni yangu, mara chache. Vituo vingi duniani hutumia maji ya joto la chumba na kazi inakwenda. Yakiingia taratibu, mwili huyapasha. Ninachokitilia shaka ni dakika za mwanzo, kibofu kikiwa kitupu na maji yakigusa ukuta yakiwa na baridi yake yote. Mama hushtuka, anasema “nasikia haja,” nasi tunaandika: haja ya kwanza, mililita 40. Kwa hiyo mimi humuuliza hapohapo: “Mama, ni haja au ni baridi?” Wengi hutofautisha vizuri kabisa. Hakuna mashine inayoweza kumuulizia.

Pasipo mashine, jambo hili lina uzito zaidi. Kwenye kambi za fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo kutoka kibofu hadi ukeni, mama ambaye tundu lake limeziba lakini bado analowa hupimwa kwa njia rahisi: mpira wa mkojo uitwao Foley, sirinji ya mililita 60 iliyotolewa kisukumio, ikishikwa wima juu ya mfupa wa kinena. Unamimina kidogo kidogo na kutazama uso wa maji. Ukipanda wenyewe bila mama kukohoa wala kujikaza, msuli unasukuma. Hapa unamimina kwa mkono, haraka kuliko pampu, na chupa imetoka stoo moja kwa moja. Tayari umekaribia kipimo cha barafu bila kukusudia.

Kupasha si kazi kubwa. Weka chupa kwenye beseni la maji ya moto, pima kwa kipimajoto, usipite 37. Pima maji yanayotoka mwisho wa mrija, si yale ya chupani, kwa sababu mrija mrefu kwenye chumba baridi hunyang’anya joto njiani. Maikrowevu hapana: hupasha upande mmoja ukaunguza, mwingine ukabaki baridi. Kisha andika namba. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1988 ulikwisha kutaka joto la maji litajwe kwa nyuzi, sambamba na kasi ya kujaza na jinsi mgonjwa alivyokaa.

Wala sipashi kwa kila mtu. Mama anayevuja kila akikohoa, mchoro ukiwa umenyooka, maji ya nyuzi 22 yanatosha. Ninayempashia ni mwenye mchoro wa mashaka: msuli umejikaza mara moja, mapema, na nyumbani hana haraka ya kukimbilia choo. Huyo namwaga maji, nampumzisha, najaza upya kwa 37. Mkazo ukirudi palepale, nauamini. Usiporudi, simwandikii vidonge kwa ajili ya mchoro ule wa kwanza.