Samadi Kavu Bado Ina Fosforasi

Wakulima wengi wa Mbeya na Iringa wamerithi imani kwamba samadi ya ng'ombe ikishakauka na kukosa harufu imekwisha nguvu, na ndiyo maana marundo ya zamani huachwa nyuma ya zizi huku mahindi machanga yakigeuka zambarau kwenye kingo za majani, dalili inayojulikana ya upungufu wa fosforasi, kirutubisho ambacho mmea hukihitaji. Harufu ile kali ni amonia, yaani naitrojeni, kirutubisho kingine, inayopotelea hewani. Fosforasi haigeuki kuwa gesi, hivyo hubaki rundoni. Kinachoiondoa ni maji ya mvua yanayosomba samadi, kwa hiyo rundo lifunikwe.

Kwenye udongo wa volkano wa Rungwe jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu alumini na chuma vilivyomo huishika fosforasi kiasi kwamba mizizi huipata kwa shida, na fosforasi yenyewe haisafiri mbali ardhini. Kuitawanya samadi chache shamba zima, kwa maoni yangu, ni kuipoteza. Ni afadhali kuweka viganja viwili katika kila shimo na kuchanganya vizuri na udongo kabla ya mbegu. Naitrojeni iliyopotea itafidiwa kwa mbolea ya kukuzia.