Kanisa halijachoka, wekeni saruji chini

Simu huwa ni ileile, sauti tu ndiyo hubadilika. Ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na kanisa ni dogo, la mawe, la enzi za wamishonari, upande wa Kiambu au Limuru, au huko chini kuelekea Naivasha. "Fundi, kanisa letu limechoka. Kuta zinatoa jasho. Tumeshachanga. Tunataka ulipige plasta ya saruji ndani na nje lipate nguvu, tumalize kabla ya Krismasi." Wiki iliyopita nilipigiwa tena, na huyu alikuwa ameshanunua mifuko. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na jambo linalonishangaza. Kila Jumamosi utakuta maharusi wametoka Nairobi kwenda kupigwa picha mbele ya vikanisa hivi. Mabanda makubwa ya mabati yenye spika za kutikisa kijiji hayawavuti. Wanataka ukuta ambao mawe yake hayalingani, viungo vimejaa chokaa nene ya rangi ya maziwa, kingo za madirisha zimelainika, na jua la saa kumi likipita linashika kila kijibonde. Ukiwauliza wamependa nini watasema "ni la zamani" au "ni dogo, linapendeza". Udogo hauna lolote. Kikanisa cha Mai Mahiu, kile kilichojengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa kivita wa Italia waliokuwa wakichonga barabara ya kuteremka bondeni, kingekuwa kibanda cha kawaida tu kama mikono ya wale waashi isingeonekana kila mahali. Kinachopendwa ni mkono wa mtu, na plasta ya saruji huufuta mkono huo kwa siku mbili, kisha ikapakwa rangi ya krimu.

Lakini sitaki kubishana na kamati kuhusu uzuri. Kamati haisikii uzuri, inasikia gharama. Basi tuzungumze maji.

Mawe mengi tunayojengea Nairobi na viunga vyake ni ya majivu ya volkano yaliyogandamana. Ni laini, msumeno unayakata, na yana vitundu vingi kiasi kwamba ukiyamwagia maji yanayanywa ukitazama. Mwashi wa zamani alilijua hilo. Kwa hiyo pale alipoweza alijengea kwa mota ya chokaa, fungu moja la chokaa kwa mafungu matatu ya mchanga, mota dhaifu kuliko jiwe lenyewe. Udhaifu huo ni wa makusudi. Mvua ikiingia ukutani, inatokea kwenye viungo, inakauka, inaacha chumvi yake kwenye mota. Baada ya miaka mingi mota inaliwa, unaikwangua, unajaza mpya, jiwe liko palepale. Mota ndiyo inayojitoa mhanga.

Sasa weka saruji kwenye viungo hivyo. Saruji ni ngumu kuliko jiwe, na haipitishi maji kirahisi. Maji yaliyozoea kutokea kwenye kiungo yanatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni jiwe. Yanatokea hapo na chumvi yake, chumvi inaganda nyuma kidogo ya uso wa jiwe, inatanuka, uso unabanduka. Nenda kwenye kanisa lolote lililozibwa hivi miaka ya themanini ukapitishe vidole ukutani. Utagusa mistari ya saruji imesimama mbele, mikali, bado ina alama za mwiko wa fundi, na katikati yake jiwe limerudi nyuma kwa kina cha kidole na linaacha unga mkononi. Hapo ndipo kamati husema, "Unaona? Mawe yameoza, ila simiti bado ni imara." Nikisikia hivyo huwa naomba chai.

Na plasta nzima juu ya ukuta? Hiyo ni kumvisha mtu anayetoka jasho koti la mpira. Kwa nje atakuwa mkavu kabisa.

Kuna anayebisha kwamba chokaa haina nguvu. Fort Jesus, ngome ya Mombasa, ilianza kujengwa mwaka wa 1593, kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe hayohayo, na bado imekabiliana na bahari. Kemia yake ni fupi: unachoma jiwe la chokaa mpaka kama nyuzi 900 za Selsiasi, unalizima kwa maji, kisha mota inakaa ukutani ikivuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi polepole kuwa jiwe. Neno muhimu hapo ni polepole. Saruji inakupa ukuta Jumatatu, chokaa inaomba wiki na miezi, inataka kufunikwa kwa magunia yenye unyevu isikauke haraka na jua. Ugomvi wangu na kamati nyingi, ukiuchunguza, ni ugomvi wa kalenda.

Turudi kwenye jasho, maana hapa ndipo hela za waumini zinapotea. Ukuta unaotoa jasho hauna ugonjwa wa ukuta. Kuna maji yanaingia mahali, na karibu kila mara si mahali mlipopanga kupiga plasta. Tazameni gata kwanza. Mara nyingi hakuna gata, au ipo na imejaa majani ya mikaratusi, au paipu yake ilikatika zamani na inamwaga maji pembeni mwa msingi kila mvua. Halafu tazameni ardhi. Kanisa lilipojengwa, sakafu ilikuwa juu ya ardhi ya nje kwa ngazi mbili au tatu. Leo ngazi moja imebaki. Udongo umepanda, mtu akaweka bustani ya maua kuzunguka ukuta, na kina mama wanaimwagilia kila Jumamosi jioni kwa upendo wote. Halafu akaja mfadhili wa kabro, yale matofali ya kutandika uani. Kabro zikawekwa hadi kwenye ukuta, zikainamishwa kuelekea kanisani, kwa sababu kuelekea upande wa pili kungepeleka maji kwenye maegesho ya magari! Msimu wa mvua za Machi hadi Mei ukiisha, unyevu umepanda ukutani hadi usawa wa benchi, rangi inabanduka, na lawama zote zinaliangukia jiwe.

Nimeshawahi kuondoa futi moja ya udongo kuzunguka kanisa, nikafungua mfereji, nikarudisha gata, nikaondoka bila kugusa ukuta. Mzee mmoja wa kanisa alinifuata hadi kwenye gari akiuliza kazi yenyewe itaanza lini.

Hata hivyo, sitaki mtoke hapa mkidhani kila kanisa la zamani ni la chokaa. Hilo nalo ni kosa, na wapenzi wa majengo ya kale tunalirudia sana. Makanisa kadhaa ya bara ya miaka ya ishirini na thelathini yalijengwa kwa saruji iliyokuja na meli hadi Mombasa na kupanda reli. Mengine yalijengewa kwa udongo mtupu, chokaa ikawekwa usoni tu kwa adabu. Kuna kipimo cha siki kinachosambazwa sana: dondosha siki kwenye mota, ikitoa povu basi ni chokaa. Si kweli. Saruji iliyokaa miaka mingi nayo hutoa povu, na mchanga wenye vipande vya kombe pia. Chimbua kiungo kwa tindo hadi ndani, mahali ambapo hakuna aliyeziba baadaye, uone rangi, uvunje kwa vidole. Hata hapo huwa nabaki na shaka kwenye baadhi ya kuta.

Shaka yangu kubwa zaidi ni saruji ambayo tayari ipo. Vitabu vinasema iondolewe. Vizuri, lakini saruji iliyoshika sana inatoka na uso wa jiwe, na ukishaondoa uso huo umemaliza kazi iliyoanzwa na aliyekutangulia. Wenzangu wawili ninaowaheshimu hawakubaliani kuhusu hili na mimi nabadilika kulingana na ukuta. Ikiwa imelegea naitoa. Ikiwa imeng'ang'ania naiacha, natengeneza mifereji, nasubiri jua na miaka. Na kule Limuru, kwenye ukungu na baridi, chokaa tupu inachelewa mno hadi naichanganya na majivu ya volkano yaliyosagwa ili ikamate hata kwenye unyevu. Wapo watakaosema huo ni uasi. Waje wapige mwiko Julai.

Waingereza walipitia haya kabla yetu. Makanisa yao ya vijijini yalikwanguliwa na "kukarabatiwa" karne ya 19 kwa bidii kubwa mno hadi msanii na mwandishi William Morris akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka wa 1877, kikisisitiza matengenezo madogo ya kila siku badala ya ukarabati mkubwa wa mara moja. Sisi tuna Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006, ila vikanisa vingi havijatangazwa kwenye gazeti rasmi kama turathi, kwa hiyo kati ya ukuta na mifuko ya saruji kuna kamati peke yake.

Kwa hiyo, mwenyekiti, mifuko hiyo jengeeni choo na jiko la kanisa, itafaa sana huko. Zibueni gata wiki hii kabla mvua za vuli hazijafika. Maua yasogezwe hatua mbili kutoka ukutani, na Mama Mwenyekiti aelezwe kwa upole na mtu anayemheshimu. Halafu acheni ukuta ukauke msimu mzima wa kiangazi ndipo mniite. Taili za sakafuni nazo mzisahau kwa sasa, kwa sababu unyevu wa chini ukizuiwa katikati utakimbilia kutani. Na mfadhili wa taili akisisitiza sana, mpeni ofisi ya mchungaji aweke taili zake huko, na jina lake mlangoni.